Uzi maalumu: Kuboresha bodi ndogo za ampu. Tuanze na geini, kapasita za majina zisubiri

#1 · Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Humu ndani swali halikauki: "Nina kabodi ka ampu ka chipu ya TPA3116, niweke kapasita gani sauti ifunguke?" Na majibu humiminika, kila mtu na kapasita yake. Nimeleta uzi huu kwa sababu naamini tunaanzia mwisho. Bodi hizi zinaboresheka, tena kwa kiwango ambacho hata asiye fundi atakisikia, ila kinachozibana zaidi ni geini (yaani ampu inakuza mara ngapi kile kinachoingia) iliyopandishwa kupita mahitaji, halafu umeme. Kapasita za kuingizia sauti, zile ambazo sauti hupitia kuingia kwenye chipu, ni za tatu. Mengine yako nyuma kabisa.

Nitakaa zaidi kwenye TPA3116D2 na ndugu zake TPA3118D2 na TPA3130D2, maana ndizo zimejaa kwenye bodi nyingi. Zote ni za Texas Instruments, zote ni daraja D (hufanya kazi kwa kukata na kuwasha umeme kwa kasi), na ndani zinafanana sana. Tofauti inayomhusu fundi ni mahali joto linapotokea: 3116 ina bamba la joto mgongoni, unaiwekea bati la kupoza kwa juu, wakati 3118 na 3130 bamba liko tumboni na joto linashukia kwenye shaba ya bodi. Wenye TDA7297 na PAM8403 msiondoke, nitawafikia.

Kwanza tumalizane na wati za kwenye tangazo. Ampu hizi zinasukuma waya zote mbili za spika, mmoja ukipanda mwingine unashuka. Kwa hiyo volti kubwa kabisa ambayo spika inaweza kuiona ni ile ya adapta yako. Ichukue volti hiyo, izidishe yenyewe kwa yenyewe, kisha gawanya kwa mara mbili ya omu za spika. Volti 12 kwenye spika ya omu 8: 144 kugawanya kwa 16, unapata wati 9. Kwenye omu 4 ni wati 18. Volti 24 kwenye omu 8 ni wati 36. Hapo bado hujaondoa kinachopotea njiani. Anayekuambia bodi yake inatoa wati 50 kila upande kwa adapta ya volti 12, hesabu inamkataa, na hakuna kapasita itakayoirekebisha. Kama unachotaka ni nguvu, panda volti; chipu hii inakubali kuanzia 4.5 hadi 26.

Haya, geini. TPA3116D2 ina ngazi nne: desibeli 20, 26, 32 na 36. Maana yake volti inayoingia inazidishwa mara 10, 20, 40 au 63. Ngazi inachaguliwa na rezista mbili zilizoshika mguu wa 8, moja inashuka graundi na nyingine inakwenda mguu wa 7 unaoitwa GVDD (umeme mdogo ambao chipu hujitengenezea). Ukitaka desibeli 20, ya graundi iwe kilo-omu 5.6 na ya GVDD isiwepo kabisa. Desibeli 26: kilo-omu 20 graundi, 100 kwenda GVDD. Desibeli 32: 39 na 100. Desibeli 36: 47 na 75. Chipu inazisoma wakati wa kuwaka tu na kushikilia hapohapo, hivyo zima bodi, badilisha, ndipo uwashe.

Namna ya kuzipata: weka bodi chini ya mwanga mkali, tafuta alama ya duara kwenye kona ya chipu, hesabu miguu kuanzia hapo. Wa 8 utauona unatoka na njia nyembamba inayogawanyika kwenda kwenye virezista viwili vidogo kama punje za mchele. Soma maandishi yake kwa lenzi ya kukuzia; tarakimu ya mwisho ni idadi ya sifuri, kwa hiyo 473 ni omu 47000. Ukiona 473 na 753, au 4702 na 7502, uko desibeli 36. Ukiona 393 na 104, au 3902 na 1003, uko 32. 203 (au 2002) na 104 ni 26. Usitegemee sana kuzipima kwa mita zikiwa bado kwenye bodi, maana chipu nayo inachangia na namba itakudanganya.

Kwa nini naipigia geini kelele hivi? Kwa sababu ukiishusha unatibu matatizo matatu kwa mkupuo.

La kwanza ni ule mvumo wa "shiii" unaousikia ukisogeza sikio kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Kelele za kifaa kilicho mbele ya ampu, za moduli ya Bluetooth, za opampu (chipu ndogo ya kukuza sauti), zote zinazidishwa na geini ileile inayozidisha muziki. Toka 36 shuka hadi 26, umeondoa desibeli 10 za kelele hizo, kitasa kikibaki palepale.

La pili ni kitasa cha sauti. Geini ikiwa juu, unakigusa kidogo tu nyumba nzima inalia, na siku zote unaishi kwenye ile robo ya mwanzo. Potensiometa (rezista ya kuzungusha iliyo ndani ya kitasa) za bei ndogo ndipo zinapokosea zaidi hapo: upande wa kushoto unatangulia, wa kulia unachelewa, sauti ya mwimbaji inahama katikati. Ukishusha geini unakizungusha hadi katikati, na pande mbili zinalingana bila kubadilisha kitasa.

La tatu ndilo wengi hawalijui. Ukinzani wa mlango wa chipu hii, yaani pale sauti inapoingilia, hubadilika na geini. Kwenye desibeli 20 ni kilo-omu 60, kwenye 26 ni 30, kwenye 32 ni 15, na kwenye 36 unaanguka hadi 9. Ukinzani huo pamoja na kapasita ya kuingizia ndio unaoamua besi inakatika wapi. Chukua bodi yenye kapasita ya mikrofaradi 0.22 na geini ya 36: inaanza kukata kwenye hezi 80, yaani ngoma kubwa na gitaa la besi vimeshapunguzwa kabla hata havijaingia kwenye chipu. Kapasita ileile ukiweka geini ya 20 inakata kwenye hezi 12. Besi imerudi na hujanunua kapasita yoyote. Tena kitasa cha kilo-omu 50 kikiwa katikati kina ukinzani wa kilo-omu 12.5, ukikielekeza kwenye mlango wa kilo-omu 9, mlango unakila na mzunguko wake wote unapinda.

Sasa ushuke hadi wapi? Inategemea unachochomeka. Kwa adapta ya volti 24 ampu inafika mwisho wake kwenye takriban volti 16 za AC. Kwa desibeli 26 unahitaji volti 0.8 mlangoni kufika hapo, na kwa 20 unahitaji 1.6. Simu nyingi na moduli nyingi za Bluetooth hutoa volti moja au pungufu, kwa hiyo 26 inatosha. DAC (kigeuzi cha sauti ya dijitali) ya mezani au pleya ya CD inayotoa volti 2 inafurahia 20. Kwa desibeli 36 unahitaji robo ya volti tu, kitu ambacho karibu chanzo chochote cha leo kinakipita mbali.

Nitaendelea na umeme. Maswali yaleteni.

#2 · waya_mwekundu

Mkuu, elimu kubwa hii. Yangu ina kile chuma cheusi juu kimebandikwa na kama gundi ya mpira. Geini sijaigusa bado. Swali: virezista vile vidogo navibadilishaje kwa pasi ya kawaida? Mkono wangu si wa daktari.

#3 · Mleta uzi

@waya_mwekundu inawezekana kabisa. Pasi yenye ncha nyembamba, nyuzi 330 hadi 350 kama inapimika, flaksi ya kutosha, na waya wa kulehemu wa kawaida wa 63/37 (bati asilimia 63, madini ya risasi 37), ambao inayeyuka kwenye nyuzi 183. Lehemu iliyotoka kiwandani mara nyingi haina madini ya risasi na inahitaji joto zaidi, kwa hiyo kwanza ongeza yako juu yake zichanganyike. Weka tone linalogusa ncha zote mbili za rezista kwa pamoja, likiyeyuka rezista inateleza yenyewe pembeni. Usiivute. Ukiivuta kabla haijayeyuka unang'oa shaba ya bodi, na hapo kazi inakuwa nyingine.

Upande wa graundi utakuwa mgumu kupata moto kwa sababu shaba yake ni pana na inanyonya joto. Tulia hapo sekunde chache zaidi badala ya kupandisha joto.

Kwa desibeli 20 kazi ni nyepesi zaidi: toa ile ya GVDD, acha wazi, badilisha ya graundi tu. Hata rezista ya kawaida yenye miguu ya waya inafaa, ikate miguu ifupi.

Na kabla ya chochote: chomoa umeme, halafu mimina chaji ya kapasita kubwa kwa rezista ya omu 100 hadi 1000. Usitumie bisibisi.

Hicho chuma kilichobandikwa kwa gundi ya mpira, kibandue. Gundi ile inazuia joto. Safisha, paka krimu ya joto kidogo, kikaze kwa skrubu kama kuna matundu.

#4 · Mleta uzi

Sehemu ya pili, umeme.

Geuza bodi yako, angalia ile kapasita kubwa kuliko zote. Imeandikwa volti ngapi? Bodi nyingi zinakuja na kapasita za volti 25 huku tangazo likisema "tumia volti 24". Hiyo haina nafasi ya kupumua. Kuna pawasapai zenye skrubu ya kurekebishia volti, ikisogezwa kidogo tu umeshapita 25. Weka za volti 35, aina inayohimili mkondo wa masafa ya juu, zile za ukinzani mdogo, zinazoandikwa "Low ESR". Hili nalihesabu kuwa usalama kabla ya kuwa sauti.

Ukubwa: mikrofaradi 1000 hadi 2200 kwa jumla zinatosha. Najua kuna watu wanapanga 10000 na zaidi. Adapta za siku hizi zina ulinzi wa shoti. Zikikutana na kapasita kubwa tupu wakati wa kuwasha zinaiona kama shoti, zinajizima, zinajaribu tena, unasikia "tik, tik, tik" na ampu haiwaki. Kinachosaidia zaidi ya ukubwa ni ukaribu. Chipu hii inakata na kuwasha mkondo mara laki nne kwa sekunde au zaidi. Kwa kasi hiyo waya wa sentimita chache ni ukuta. Kapasita ndogo ya nanofaradi 100 iliyokaa milimita mbili kutoka kwenye mguu wa umeme ina kazi kubwa kuliko pipa lililofungwa kwa waya mwishoni mwa kasha. Kama bodi yako inazo ndogo hizo pande zote mbili za chipu, ziache zilivyo.

Adapta ya laptopu ya volti 19 na ampea 3.42, ile ya wati 65, ni chanzo kizuri mno kwa spika za omu 8 sebuleni. Kwa omu 4 na sauti kubwa tafuta ya wati 90 kwenda juu.

#5 · fundi_mstaafu

Mwanangu umesema vizuri, niongeze jambo moja la adapta za laptopu. Zile zenye pini tatu, nyingi hasi yake imeungwa na ardhi ya ukutani. Ukichomeka na kompyuta ya mezani ambayo nayo ina ardhi, unatengeneza duara, na ndani ya duara hilo unapita mngurumo. Kijana anahangaika kubadilisha kapasita miezi, kumbe ugonjwa uko kwenye plagi.

Dawa yake ni adapta ya pini mbili yenye alama ya mraba ndani ya mraba, hiyo haihitaji ardhi kwa muundo wake. Au kitransfoma cha kutenganisha sauti kati ya kompyuta na ampu. Kukata pini ya ardhi ya adapta inayoihitaji, hapana. Nimelikataza benchini kwangu miaka yote na nalikataza hapa pia.

#6 · Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Asante sana, hilo lilistahili uzi wake. Namna ya kulipima haraka: chomoa waya wa sauti kwenye ampu. Mngurumo ukikata palepale, duara ndilo mshukiwa wa kwanza. Ukibaki vilevile, tafuta kwenye umeme au ndani ya bodi.

#7 · sauti_nyororo

Naomba kupingana kidogo na mleta uzi, kwa heshima. Mimi nilitoa zile kapasita za kuingizia za kauri nikaweka za polipropileni. Tofauti ilikuwa ya wazi kabisa, besi ikawa nzito, muziki ukajaa. Huwezi kuniambia kapasita ni za tatu.

#8 · Mleta uzi

@sauti_nyororo karibu sana dada, kupingana ndiko kunafanya uzi uwe na faida. Sikatai kwamba umesikia tofauti. Naomba tu jibu la maswali mawili: zile za zamani zilikuwa mikrofaradi ngapi, na mpya ni ngapi? Na geini yako iko wapi?

#9 · sauti_nyororo

Za zamani sikuzipima kabla sijazitoa, ila ninazo. Nimezipima sasa hivi, zinasoma 0.21 na 0.22. Mpya ni 1. Rezista za geini zinasomeka 393 na 104.

#10 · Mleta uzi

Basi jibu limo humohumo. Uko desibeli 32, mlango wa kilo-omu 15. Kwa 0.22 besi yako ilikuwa inaanza kukatika kwenye hezi 48. Kwa 1 inakata karibu na hezi 10 na nusu. Besi nzito uliyosikia ni ya kweli kabisa na mita itaithibitisha. Ila imeletwa na thamani. Kapasita ya polista ya mikrofaradi 1, ile ya kiboksi kidogo ya volti 63, ingekupa besi hiyohiyo.

Aina nayo ina nafasi yake, nisiwe mchoyo. Kauri za daraja la X7R, X5R na hasa Y5V hupoteza ujazo zinapowekewa volti, na ujazo wake hucheza na mawimbi ya sauti, hivyo huongeza mkwaruzo chini kabisa kwenye besi. Baadhi pia huhisi mtikisiko. Zigonge kwa kijiti cha plastiki utasikia "tok" kwenye spika. Kapasita za filamu, kama polipropileni na polista, hazina mambo hayo. Lakini mkwaruzo wa kauri unakuja pale volti kubwa ya sauti inapobaki juu ya kapasita yenyewe, na hilo hutokea karibu na masafa inapokata. Ukishusha mkato hadi hezi 5 au 3, muziki wote uko mbali na eneo hilo, na aina ya kapasita inapoteza uzito. Ndiyo maana nasema geini kwanza.

Mawili zaidi kwenye kapasita hizi. Chipu ina mlango chanya na mlango hasi kwa kila upande, na kwenye bodi hizi ule hasi umeshushwa graundi kupitia kapasita yake. Kwa hiyo ziko nne. Watu hubadilisha mbili na kusahau mbili. Zisipolingana, milango miwili inachaji kwa kasi tofauti na unapata "pwaa" kubwa wakati wa kuwasha. Badilisha zote nne kwa thamani moja. Na usiziondoe ukaweka waya mtupu, maana mlango wa chipu una volti ya DC inayopaswa kuzuiwa.

La pili: mapipa makubwa ya polipropileni yanayosimama juu ya bodi kwa miguu mirefu huwa antena. Hapo ni mlangoni, kelele yoyote inayonaswa inazidishwa.

#11 · waya_mwekundu

Mkuu @Mleta uzi, mimi bodi ya pili ninayo ya TDA7297. Hiyo geini yake iko wapi? Nimezunguka sijaona rezista yoyote inayofanana na ulizosema.

#12 · Mleta uzi

Hutaiona, imefungiwa ndani ya chipu kwenye desibeli 32. TDA7297 ni daraja AB, haikati umeme kama hizi nyingine, kwa hiyo haina koili za kutolea sauti, ila inapata moto kweli na inataka bati kubwa la kupoza. Usivuke volti 18.

Kwa hiyo unapunguza kabla ya mlango. Rezista ya kilo-omu 10 mfululizo na sauti, kisha ya 4.7 kushuka graundi, zikae kabla ya kapasita ya kuingizia. Unashusha kama desibeli 11, na kwa simu au DAC inabaki nguvu ya kutosha. Kapasita za 0.22 zinazoonekana kwenye mchoro wa datashiti yake, pamoja na mlango wa kilo-omu 30, zinakata kwenye hezi 24. Spika ndogo haitaona tatizo. Ukiwa na spika kubwa weka 0.47 au 1.

Kinachoisaidia zaidi chipu hii ni umeme safi. Ukiipa adapta chafu, sehemu ya uchafu huo unaweza kuusikia kwenye spika.

#13 · kijana_wa_redio

Wakuu na sisi wa PAM8403? Nimeiweka kwenye kispika cha mezani, Bluetooth ikiunganishwa kuna mlio wa "ziii" unaobadilikabadilika.

#14 · Mleta uzi

Mdogo wangu, PAM8403 ni ndogo, mwisho wake volti 5.5, usiijaribu hata 6. Kapasita ya mikrofaradi 470 kwenye miguu ya umeme inasaidia besi isiyumbe. Zaidi ya hapo usiitese.

Huo mlio wa "ziii" ni wa moduli ya Bluetooth. Inavuta mkondo kwa vipande wakati inaongea na simu, mkondo huo unarudi kwa waya uleule wa graundi unaobeba sauti, na ampu inausikia kama sehemu ya muziki. Jaribu kwanza kuwasha moduli kwa betri yake pekee, sauti ikiwa imeungwa. Mlio ukifa, umeshajua chanzo. Tiba ya kudumu ni kibadilishaji cha umeme kilichotenganishwa, kile kidogo cha B0505S, kinapokea volti 5 na kutoa volti 5 bila kuunganisha graundi za pande mbili kwa umeme. Kilishe kwa umeme wa ampu, nacho kilishe Bluetooth. Graundi mbili zikutane kwenye waya wa sauti tu, mahali pamoja. Ukiziunga tena kwa skrubu ya kasha umerudi ulikotoka.

#15 · sauti_nyororo

Nimerudi. Nimeshusha geini kutoka 32 hadi 26, kapasita zangu zimebaki. Mvumo kwenye twita umepungua sana, na kitasa sasa nakizungusha kama binadamu. Nina bodi nyingine ya aina hiyohiyo haijaguswa. Nataka kuzilinganisha kwa haki, nifanyeje?

#16 · Mleta uzi

Hapo umenigusa moyo. Kuwa na bodi ya pili ambayo haijaguswa ndicho kipimo bora fundi anaweza kuwa nacho, maana kumbukumbu ya sikio haidumu hata muda wa kulehemu kapasita moja.

Shida kubwa ni usawa wa sauti. Kitu kikilia zaidi kidogo tu, ubongo unakiita "kizuri zaidi", "wazi zaidi", kabla hujajua kwamba kimelia zaidi. Kwa hiyo pakua toni ya hezi 400 au chini yake, kwa sababu maltimita nyingi za kawaida hupoteza usahihi kwenye masafa ya AC ya juu. Pima volti kati ya waya mbili za spika kwenye bodi ya kwanza, tuseme ni 2.00. Rekebisha ya pili hadi isome kati ya 1.98 na 2.02. Hapo tofauti yao ni kama desibeli 0.1. Kisha mtu mwingine abadilishe bila wewe kuona, nawe uandike unachosikia. Tumia spika zilezile na wimbo unaoufahamu.

Onyo kubwa: pima KATI ya waya mbili za spika. Waya hasi wa spika kwenye ampu hizi si graundi, una volti yake. Usiuunge na kasha, usiunganishe hasi ya kushoto na ya kulia, na mwenye osiloskopu asishikize klipu ya graundi hapo. Ni shoti ya moja kwa moja.

#17 · fundi_mstaafu

Vijana wa sasa hawajui, lakini haya ya kuchezea ampu ndogo za daraja D yalianza na chipu za Tripath. TA2024 iliyokuwa ndani ya kile kikasha cha Sonic Impact, wati chache, volti 12, watu wakashangaa sauti. Kampuni ikafilisika mwaka 2007, lakini watu walikuwa wameshazoea kufungua vifuniko. Hata wakati ule marekebisho yaliyokuwa na maana yalikuwa hayahaya: kapasita za kuingizia zilizo ndogo, kitasa, na umeme.

#18 · kijana_wa_redio

Mzee asante kwa historia. Swali langu la mwisho, kaka @Mleta uzi: zile koili nne kubwa za kutolea sauti kwenye 3116. Kuna mtu kaniambia nitoe za mikrohenri 10 niweke 33 ili "ichuje vizuri zaidi". Spika zangu ni omu 4.

#19 · Mleta uzi

Usifanye hivyo mdogo wangu. Koili ya 10 na kapasita ya mikrofaradi 0.68 zinachuja kuanzia kilohezi 61, mbali na masikio. Kwa spika ya omu 4 unapoteza chini ya desibeli 1 kwenye kilohezi 20, na kwa omu 8 inapanda nusu desibeli. Hakuna wa kulalamika. Ukiweka 33 na kapasita ikabaki ileile, kwenye omu 4 unapoteza zaidi ya desibeli 6 kwenye kilohezi 20, na kushuka kunaanza chini zaidi ya hapo. Matoazi yatakuwa na blanketi, halafu utakuja hapa kuuliza kapasita gani inafungua sauti.

Kinachoweza kukosekana kwenye koili za bodi hizi ni uwezo wa kubeba mkondo. Kwa volti 24 na omu 4 kilele kinakaribia ampea 6. Koili ya ampea 3 ikifika hapo kiini chake kinajaa sumaku, inaacha kuwa koili, na mkwaruzo unaruka ghafla kwenye midundo mikubwa. Ziguse (ampu ikiwa imezimwa) baada ya nusu saa ya muziki wa nguvu. Zikiwa zinachoma vidole, tafuta za mikrohenri 10 zilezile, zenye kinga ya sumaku, zilizoandikwa mkondo wa kujaa wa ampea 7 kwenda juu, na uhakikishe futiprinti (umbo na nafasi ya miguu kwenye bodi) inalingana kabla ya kununua. Ukiwa na adapta ya volti 19 na unasikiliza kwa kiasi, huenda hata usizihitaji.

Wewe kwanza niambie, rezista zako mbili za mguu wa 8 zimeandikwa nini?

#20 · kijana_wa_redio

473 na 753.

#21 · Mleta uzi

Desibeli 36. Koili ziache, washa pasi.